Kilichosemwa Mbele ya Jeneza

Pale karakana ya vyuma wote walimwita Nabii, na mafundi waliokuja miaka ya karibuni walidhani ni utani tu, kama vile mtu mfupi anavyoitwa Twiga. Asubuhi wakifika walimkuta amekwisha kupanga vyuma vyake, na hapo ndipo uchokozi ulipoanza.

"Nabii, tutabirie. Leo umeme utakatika?"

Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Utakatika ukiwa wewe ndiye umeshika mashine."

Wanacheka, kisha grenda zinaanza kulia na hakuna anayemsikia mwenzake tena.

Hawakujua kwamba jina hilo, zamani, watu walilitamka kwa unyenyekevu. Ujanani alikuwa mhubiri. Hakusomea uchungaji. Alikuwa na sauti iliyofika hadi nje ya madirisha, na alikuwa na uhakika. Akisimama mbele ya kusanyiko akasema, "Nimeonyeshwa," hata wazee wenye mvi walifumba macho. Mara moja mbili alilolisema likatokea kweli, na mtu akipatia mara mbili, nani atakaa kuhesabu alizokosea?

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, ndugu yake pekee wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea: akampikia, akamfulia, akamchapa alipostahili na akamtetea hata pale asipostahili. Baadaye dada akaolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja na ugonjwa wa kisukari, ule wa kuishi kwa sindano za kila siku. Hakulalamika. Alijichoma sindano yake kama mwingine anavyopiga mswaki, akaendelea na shughuli.

Jumapili moja, mahubiri yamepamba moto, Nabii alimwita dada yake mbele. Akamwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba ameonyeshwa: dada amepona. Watu wakapiga vigelegele. Naye, akiwa amelewa sauti zao, akaongeza neno ambalo asubuhi ile hakuwa amelifikiria hata kidogo. Akasema aliyepona habebi dawa.

Dada akamtazama. Usoni alikuwa na lile tabasamu la mama anayemsikiliza mtoto wake akikariri somo mbele ya wageni. Akafungua mkoba, akatoa chupa zake ndogo, akaziweka ndani ya kikapu cha sadaka.

Hazikupita wiki nyingi. Ilianza kiu, kiu ya kumaliza mtungi. Kisha nguo zikampwaya, pumzi ikanuka kama tunda lililochacha, na mwisho ukaja usingizi usiokatika. Nabii alikwenda kila siku kumwombea, na kila siku alimhimiza asirudi nyuma, maana adui humjia mtu pale anapokaribia kuvuka. Alizidi kusema hivyo hadi siku alipokuta majirani wamejaa mlangoni.

Siku ya mazishi watu walimtazama yeye kuliko walivyolitazama jeneza. Walitaka kujua atasema nini. Angeweza kunyamaza. Angeweza kulia tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisimama, akasema Mungu alikwisha kumponya dada yake, ila dada alirudi nyuma moyoni, imani yake ikapungua. "Amina," watu wakaitikia, wengine kwa sauti ya chini. Binti wa marehemu, mtoto wa shule ya msingi, alikuwa amesimama upande wa kichwani, ameshikwa bega na shangazi yake. Nabii hakumtazama.

Alihubiri Jumapili chache zaidi, kisha maneno yakamkauka. Akaacha kwenda kanisani. Akaingia karakana, akajifunza kuchomelea mageti na madirisha, na waumini walipomfuata aliwafukuza. Mungu hayupo, aliwaambia, msinisumbue. Alilisema kwa ukali kiasi kwamba mwenyewe akaliamini. Na lilimpa nafuu, kwa maana kama Mungu hayupo, basi hakuna aliyesingiziwa, na dada alikufa kwa maradhi tu kama watu wote wafavyo. Kutoamini kwake kulikuwa shimo la kujifichia. Alikaa humo hadi nywele zikamgeuka rangi.

Mkewe hakumfuata shimoni. Kila Jumapili alivaa, akaenda, akarudi, akapika. Hakumwambia twende, wala yeye hakumwambia usiende. Watoto wao wakakua, wakaota mabawa, wakaruka. Nyumba ikabaki na watu wawili na redio.

Jioni moja kifungo cha shati kilimkatika. Nabii akaenda kutafuta uzi ndani ya kopo la biskuti la mkewe, ambalo, kama makopo mengi ya biskuti, lilikuwa halijaona biskuti tangu siku lilipofunguliwa. Chini ya vibonge vya uzi alikuta pakiti za vidonge. Akasoma maandishi ya ubavuni. Akakaa kitandani.

"Hivi ni vya nani?"

Mkewe alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakugeuka. "Vya mwenye kopo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Sukari. Si kama ile ya dada yako, hii ni ya vidonge. Nameza, nashika miiko, maisha yanakwenda."

"Na ukanificha? Mimi humu ndani ni nani, mpangaji?"

"Nilikuficha kwa sababu nilijua ukiviona utakaa hivyo ulivyokaa sasa."

Nabii akajitazama. Alikuwa ameikumbatia ile pakiti kwa mikono miwili kama kifaranga.

"Unanunua wapi?"

Hapo mkewe akaweka ungo chini. "Kwa binti yake."

"Binti wa nani?"

"Wewe una dada wangapi? Ana duka la dawa, kule karibu na hospitali. Mtaa mzima unamwita Daktari. Mara ya kwanza nilipompa cheti changu alikisoma, akanitazama, akaniuliza, 'Mjomba anakuruhusu kuvimeza?'"

Redio ilikuwa inatoa habari za bei ya mafuta, na Nabii akaisikiliza kana kwamba ana gari.

"Ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nikamwambia mjomba wako hajui." Mkewe akaja akakaa kando yake. "Lipo jingine. Wiki ijayo wananipima macho. Wanasema sukari imeanza kuyagusa. Naogopa, mume wangu. Niombee."

"Mimi?"

"Yuko mwingine humu? Dawa nameza mwenyewe. Wewe omba. Kila mtu na kazi yake."

Akainua mkono kuuweka kichwani mwa mkewe. Ukafika nusu ya njia, ukagoma. Aliutazama na kuuona ni uleule, una makovu ya cheche sasa, lakini ni uleule uliolala juu ya kilemba cha dada yake Jumapili ile.

"Siwezi," alisema.

"Basi nishike tu mkono," mkewe akasema. "Mchele utanisubiri."

Kesho yake alitoka kazini mapema, akaenda kanisani. Lilikuwa kanisa lilelile, ila bati lilikuwa jipya na viti vya plastiki vimechukua nafasi ya mabenchi. Mchungaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyehamia pale miaka michache tu iliyopita. Alimkuta amekunja mikono ya gauni, anabebanisha viti.

"Wewe ndiye fundi wa madirisha?" mchungaji akauliza kwa furaha.

"Mimi ni fundi, lakini sikuja kwa madirisha."

"Haya basi, nisaidie viti huku unaniambia ulichojia."

Pengine ilimsaidia kuwa na kitu mikononi. Alibebanisha viti na kusimulia, na hakubakiza hata tone: kikapu cha sadaka, kiu, jeneza, shimo alilokaa. Mchungaji aliacha kufanya kazi mapema tu, akabaki amesimama ameshika kiti kimoja.

"Nataka kujua jambo moja," Nabii alimalizia. "Mtu aliyeonja akatema, akirudi anapokelewa? Na mimi sikutema tu. Nilimwekea Mungu maneno kinywani, maneno hayo yakaua mtu, kisha marehemu nikamtwisha lawama. Nasikia kuna dhambi isiyosameheka. Si ndiyo hii?"

"Nikikujibu haraka haraka nitakuwa nabii kama wewe," mchungaji alisema, na Nabii, bila kutegemea, akacheka kidogo. "Ninachokiamini ni hiki. Mtu aliyekwisha kufungiwa mlango kabisa hata hamu ya kubisha haimjii. Wewe umetoka kazini na vumbi lako kuja kubisha. Mungu anapokea, baba yangu. Kwake hakuna foleni."

"Basi mbona sisikii kitu? Zamani nilisikia moto hapa kifuani."

"Moto ule ndio uliokupeleka kubaya. Labda safari hii utarudi bila moto." Akaweka kile kiti juu ya vingine. "Lakini nikuulize. Huyo binti umemwendea?"

Nabii akainamisha kichwa.

"Usije ukamfanya Mungu njia ya uani ya kumkimbia binadamu," mchungaji akasema. "Nenda kwanza."

Ni rahisi kusema nenda. Alipita mbele ya duka lile, akarudi, akapita tena, hadi muuza vocha wa kando akamuuliza kama amepoteza kitu. Ndani kulikuwa na rafu za vioo hadi juu, feni ndogo inayopiga kelele kubwa, na nyuma ya kaunta mwanamke mwenye koti jeupe na miwani iliyoning'inia kifuani. Alikuwa na mabega ya dada yake. Hilo hakuwa amejiandaa nalo.

Wateja walipopungua alisogea. Mwanamke akainua macho, akamtambua mara moja.

"Shikamoo, mjomba."

Salamu ile ilimkata kuliko ambavyo tusi lingemkata. Alikuwa amelelewa vizuri, na si na yeye.

"Marahaba, mwanangu."

"Vidonge vya mkeo bado havijaisha. Atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi."

"Sikuja kwa vidonge. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mpwa wake alikuwa anapanga maboksi kwenye rafu. Aliendelea kupanga. "Wa lipi?"

"Wa mama yako. Wa zile dawa."

"Hilo ulilifanya kwa ujinga," mpwa wake alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayemweleza mteja ameze mara ngapi. "Mama naye alikuwa mtu mzima, na alikupenda kupita kiasi. Hilo, kwa tabu, ningelimeza. Kuna ambalo hulijui. Keti."

Akaketi juu ya kibao cha wagonjwa.

"Chupa moja ilibaki. Ilikuwa ndani kabisa ya friji, mama mwenyewe aliisahau siku ile ya kikapu. Mwishoni mwishoni, hata kichwa hawezi kuinua, akaniita. Akaniambia, 'Mwanangu, iko chupa moja kwenye friji, niletee.' Nikamwambia, mama, mjomba amesema tusirudi nyuma." Akaacha kupanga. "Nilikuwa mtoto. Nilikuamini kuliko mwalimu wangu wa darasa. Mama akanitazama, akanipapasa shavu, akasema, 'Basi, mama, tuache.' Hakuniomba tena."

Feni ilizunguka na kupiga kelele zake.

"Kisha ukasimama mbele ya jeneza ukasema imani yake ilipungua. Watu wote pale walidhani unasema ya kwako. Mimi peke yangu nilijua ni kweli, kwa sababu aliniomba chupa. Nikajua Mungu amemwona, na amekwambia. Nilikaa na jambo hilo nikiwa na kiatu cha kuazima mguuni, sina wa kumwambia. Nilipokua ndipo nikaanza kufikiri upande wa pili. Kwamba ningempa ile chupa angekuwa mwenye dhambi, lakini angekuwa hai."

"Hukumuua wewe," Nabii alisema. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Nilimuua mimi. Na wewe nikakutwisha."

"Najua. Nimesoma, mjomba. Najua hata ni kiasi gani cha dawa kingemrudisha. Kujua hakunisaidii kitu."

Mama mmoja akaingia na mtoto mgongoni anayekohoa. Mpwa wake akavaa miwani, akainama, akamsikiliza mtoto, akauliza ana umri gani, akampa dawa na kumweleza taratibu, mara mbili, hadi yule mama akaelewa. Sauti aliyotumia kwa mtoto yule ilikuwa laini kama pamba. Mlango ulipofungwa, ulaini ule ukaondoka nao.

"Wewe unataka kurudi kwa Mungu. Rudi, mimi sijakufunga kamba. Mimi mwenyewe sijui nitarudi kwa nani. Lakini mama yangu ulimsema mbele za watu. Nenda kafute mbele za watu. Kabla ya hapo usiniombe kitu. Na hata baada ya hapo, sikuahidi."

"Nitakwenda," alisema.

"Haya. Msalimie mkeo."

Mchungaji alikubali papo hapo. Aliyegoma alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyekuwapo enzi zile na aliyesema "amina" kubwa kuliko wote. Alimfuata Nabii hadi karakana, akasimama mbali na cheche. "Ndugu yangu, marehemu amelala," alisema. "Ya nini kumwamsha? Utawachanganya watu. Wengine walipokea wokovu kupitia mahubiri yako." Nabii alivua kofia ya kuchomelea, jasho linamtiririka, akajibu kwamba marehemu hajalala, amelazwa, na aliyemlaza kwa jina baya ni yeye. Mzee akaondoka amenuna.

Jumapili iliyofuata mkewe alimpigia pasi shati jeupe, kifungo Nabii akakishona mwenyewe. Waliingia pamoja. Watu wachache wazee walimtambua, wakanong'onezana. Wengi waliona tu babu mmoja mgeni anayetafuta pa kukaa. Baada ya matangazo mchungaji akamwita. Akaenda mbele akasimama chini, pale wanaposimama watu wa ushuhuda. Walimpa kipaza sauti, na alipokishika mkono wake ulikikumbuka mara moja, vidole vikajipanga vyenyewe. Hilo lilimtisha, akakirudisha.

"Nitasema bila hiki," alisema. "Nisipofika huko nyuma mniambie."

Akasema. Hakupamba. Alisema alikuwa na dada, akamtaja jina lake kamili, ambalo kinywa chake kilikuwa hakijalitamka tangu mazishi. Alisema Mungu hakumwonyesha kitu siku ile. Alisikia vigelegele akavidhania ni sauti ya Mungu. Alisema dada yake aliacha dawa kwa ajili yake, na hakuna imani iliyopungua. "Imani yake haikupungua hata punje," alisema. "Alimwamini Mungu, na kwa bahati mbaya aliniamini na mimi. Nilichosema mbele ya jeneza lake kilikuwa uongo. Nilikisema nijiokoe. Leo nakifuta. Na alikuwa na binti. Yule mtoto hakufanya kosa lolote. Lolote alilolifanya au asilolifanya, alilitenda kwa sababu nilimfundisha vibaya. Ni langu, si lake."

Mtu mmoja akasema "amina" kwa mazoea, jirani yake akampiga kiwiko. Nabii alitazama mlangoni. Alikuwa amejikataza kutazama huko, lakini alitazama. Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na jua tu na baiskeli moja imeegemezwa.

Mchungaji hakumwombea maombi marefu. Alimshika bega akasema, "Karibu nyumbani, baba," akamrudisha kwenye kiti chake. Nabii alingoja kitu kimshukie. Hakikushuka. Alikuwa kama mtu aliyebeba gunia miaka na miaka, ametua, na mgongo umekataa kunyooka. Lakini kwaya ilipoanza kuimba aligundua kwamba midomo yake inafuata maneno, na kwamba, kwa mara ya kwanza tangu ujana, anazungumza na Mtu ambaye anadhani yupo. Alichokisema kilikuwa kifupi. Alisema, "Nimerudi. Sina kitu."

Walipotoka, baadhi ya watu walipita mbali naye kama anayenuka. Mzee wa kanisa hakumpa mkono. Lakini chini ya ukuta mwanamke mmoja asiyemjua alimvuta kando. "Mimi niliacha vidonge vya presha baada ya kuombewa," alimwambia, akitazama huku na huku. "Si hapa, kanisa jingine. Kichwa kinaniuma kila siku, naona aibu kusema. Kesho nitakwenda kuvichukua." Akaondoka kabla hajajibiwa.

Asubuhi ya kupimwa macho, Nabii aliweka mkono juu ya kichwa cha mkewe. Safari hii ulifika. "Bwana," alisema, "macho yake." Akasubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. "Amina."

"Fupi," mkewe akasema.

"Ndiyo niliyo nayo."

"Inatosha. Za zamani zilikuwa ndefu mno."

Macho yalikuwa yameguswa, si sana. Daktari wa hospitali alimwongezea dawa, akampa miwani. Akaivaa, akamtazama mumewe, akasema kumbe amezeeka hivi.

Mpwa wake hakuja, wala hakutuma neno. Mkewe alipokwenda kununua vidonge alimweleza kila kitu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na alisema binti alisikiliza akiwa amegeukia rafu, kisha akamhesabia dawa zake na kumtakia siku njema. Nabii hakuuliza zaidi. Alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa nyuma, na walipomwomba atengeneze madirisha akayatengeneza. Aliomba asiombwe kitu kingine.

Msimu wa mvua ulikuwa umekwisha siku mpwa wake alipotokea karakana, jioni, mafundi wanafunga. Alikuwa bado na koti lake jeupe, amelikunja mkononi. Nabii alimfutia benchi kwa shati lake la kazi, akaishia kulipaka vumbi zaidi. Wakakaa.

"Mama mkubwa aliniambia ulichosema," alianza. Ni yeye aliyeamua kumwita mke wa mjomba hivyo, na hakuna aliyemsahihisha. "Na ulichosema juu yangu."

"Ndiyo."

"Nilikaa nacho. Kinanisaidia siku nyingine, siku nyingine hakinisaidii." Akatazama lundo la vyuma. "Sijakusamehe, mjomba. Nimejaribu. Nimesimama mbele ya kioo nikajaribu kulitamka tu, lisikike lilivyo. Likanishinda."

"Usijilazimishe kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako." Akaliweka koti magotini. "Nimekuja kwa jambo jingine. Nikifumba macho namwona mama amelala. Mgonjwa tu. Ya kabla ya hapo yamefutika, nilikuwa mdogo. Shangazi hakumjua utotoni, majirani wa zamani wamekufa. Umebaki wewe. Niambie alikuwaje."

Nabii alitazama mikono yake. Kwa miaka yote ile alikuwa hajamfikiria dada yake kama mtu. Alimfikiria kama kosa. Ilimchukua muda kumpata nyuma ya lile kosa.

"Alikuwa mtundu," alisema. "Hukutegemea, eh? Alikuwa mtundu kuliko mimi. Alijua kuigiza kila mtu. Siku moja aliigiza mwendo wa mwalimu mkuu mbele ya darasa zima, tumbo mbele, mikono nyuma, na mwalimu mkuu mwenyewe amesimama mlangoni."

"Akamfanya nini?"

"Akamwambia arudie. Alimtazama hadi mwisho, kisha akamwambia, 'Mguu wa kushoto nauburuta zaidi ya hapo.'"

Mpwa wake alicheka, kicheko cha ghafla kilichomponyoka, akakifunika kwa koti. Nabii akaendelea. Alisema dada aliogopa vyura lakini si nyoka. Alisema alipiga mluzi kutwa, ingawa aliambiwa msichana hapigi mluzi, na kwamba mluzi huo ndio uliomjulisha yeye, akiwa mbali, kwamba nyumbani kuna mtu. Kila alichokitaja kilileta kingine, na kadiri dada alivyozidi kupata sura, miguu na ucheshi, ndivyo Nabii alivyozidi kuona ukubwa wa kitu alichokiondoa duniani. Hakusema hilo. Halikuwa la kumtwisha tena yule binti.

"Alipiga mluzi wimbo gani?"

"Haukuwa wimbo wa watu. Aliutunga mwenyewe."

"Unaukumbuka?"

Akalainisha midomo, akajaribu. Ilitoka hewa tupu, kisha noti chache za kupanda, kisha za kushuka. Mpwa wake alisogea karibu, ameinamisha sikio kama alivyokisikiliza kifua cha yule mtoto wa kikohozi. Nabii alirudia tokea mwanzo, akafika palepale, akakwama. Akajaribu mara ya tatu.

"Mbele hapo siukumbuki," alisema. "Aliyeujua ni yeye."

"Rudia huo mwanzo," mpwa wake akasema.